Maswali na Majibu ya Wapiga Ala: Besi Fupi Mpya na Uzi wa E Unaolegea

SWALI

Ndugu Mhariri, pole na majukumu. Mimi ni mpiga besi wa kwaya hapa Pasiansi, Mwanza. Kwa miaka mingi nimetumia besi kubwa ya kwaya, ambayo freti zake za mwanzo (zile pau za chuma zinazokingama shingoni) hunichosha kiganja kwa sababu vidole vyangu ni vifupi. Hivi karibuni nimenunua besi yangu mwenyewe, mpya, ya aina ile fupi yenye urefu wa uzi wa inchi 30, ukipima sehemu inayotikisika. Mkononi imenikaa vizuri sana, ila sauti yake imenivunja moyo. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, umelegea kana kwamba haujakazwa, unakwaruza kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano, na nikipita freti ya 12 sauti inapanda kuliko kinanda. Nikiichomeka kwenye amplifaya inanguruma hata kabla sijapiga noti. Rafiki mmoja ananishauri ninunue pikapu (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) na daraja jipya (pale nyuzi zinapoanzia kifuani mwa gitaa); mwingine anasema mikato ya kile kidaraja cheupe cha kichwani, ambamo nyuzi hupita, ichongwe zaidi. Nianze na lipi, na lipi ninaweza kulifanya mwenyewe nyumbani? Aidha, nina nyuzi mpya za besi kubwa. Je, nikizikata zitafaa?

Mpiga besi wa kwaya, Pasiansi, Mwanza

JIBU

Ndugu yangu, hongera kwa kupata chombo chako mwenyewe. Nakuomba usinunue pikapu wala daraja kwa sasa, na usimruhusu mtu yeyote kugusa kidaraja cha kichwani kwa tupa, mpaka umalize kazi nitakayoieleza hapa. Kati ya malalamiko yako manne, matatu yana mzizi mmoja, nao ni mvutano mdogo wa nyuzi, jambo ambalo pikapu haiwezi kulirekebisha.

Besi zilizozoeleka zina urefu wa uzi wa inchi 34, tangu kampuni ya Fender ilipoanza kuuza besi yake ya Precision mwaka 1951. Yako ni ya ukoo mwingine, ule wa besi ya Höfner ambayo Paul McCartney wa kundi la Beatles alijulikana nayo na wa Fender Mustang iliyotoka mwaka 1966, zote za inchi 30. Uzi uleule ukitakiwa kutoa noti ileile kwenye urefu mfupi, mvutano wake hupungua kwa kadiri ya mraba wa urefu, na ukipiga hesabu ya 30 kwa 34 utapata punguzo la asilimia 22 hivi. Hapo ndipo penye faida na hasara kwa pamoja. Umbali kutoka kidaraja cha kichwani hadi freti ya kwanza umeshuka kutoka milimita 48 hivi hadi 43, na ndiyo maana kiganja chako kimepumzika. Lakini uzi wenye mvutano mdogo hutikisika kwa upana zaidi na kugonga freti, na kidole kikiukandamiza kwa nguvu kidogo tu, sauti hupanda. Kwa hiyo kazi yote ya kuiweka sawa besi fupi huanzia kwenye nyuzi.

Nyuzi ambazo gitaa hutoka nazo kiwandani mara nyingi ni nyembamba mno kwa urefu huu. Tafuta seti iliyotengenezwa kwa ajili ya besi fupi, yenye uzi wa E wa 105 kwa kipimo cha elfu moja za inchi, yaani milimita 2.67, na uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, wa 45 au 50. Kwa sebene na kwaya, ambapo kila noti lazima isikike peke yake katikati ya kinanda na ngoma, ningechagua nyuzi za nikeli zilizoviringwa kwa waya wa mviringo. Zile laini, zilizoviringwa kwa utepe bapa, huwa ngumu zaidi chini ya kidole na hutoa sauti nene ya rumba ya zamani. Ni nzuri sana, ila zitaficha mwanzo wa noti zako unapopiga kwa kasi.

Kabla ya kuagiza, pima kwa futi kamba kutoka pale kitufe cha mwisho wa uzi kinapokaa hadi kidaraja cha kichwani, ukiongeza inchi 2. Sehemu nene ya uzi inapaswa kuufikia urefu huo, ili kinachozunguka kwenye kigingi cha kukazia uzi kiwe ile sehemu ya mwisho iliyopunguzwa unene. Gitaa ambalo nyuzi hupenya kutokea mgongoni linahitaji uzi mrefu kuliko lile ambalo nyuzi huanzia kwenye daraja, na wengi hulisahau hilo, wakaletewa seti isiyofika.

Kuhusu nyuzi zako za besi kubwa, jibu langu ni hapana. Ukizikata, sehemu nene kabisa ndiyo itakayozunguka kigingi cha chuma chembamba, na waya wa juu utapasuka au kufunguka, hasa kwenye uzi wa E. Ziweke kwa ajili ya besi ya kwaya.

Hata uzi wa saizi sahihi una namna yake ya kukatwa. Uvute hadi kwenye kigingi chake, acha sentimita 10 hadi 12 za ziada, ukunje kwa pembe kali kwanza, ndipo ukate mbele ya kunjo. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje huteleza juu ya kiini na uzi hufa siku hiyohiyo: utaukaza, utafika kwenye noti, lakini hautalia. Badilisha uzi mmoja mmoja, zungusha kwenye kigingi mara mbili au tatu ukishuka chini, kisha ukandamize kwa kidole gumba mbele tu ya kidaraja cha kichwani na mbele ya kikalio chake (kile kipande kidogo ambacho uzi hulalia) kwenye daraja, ili upinde vizuri mahali hapo. Tyuni, vuta uzi taratibu kwa mkono, tyuni tena, na uiache besi usiku mmoja.

Asubuhi yake ndipo utakapotazama shingo. Ndani yake kuna fimbo ya chuma inayopingana na mvutano wa nyuzi. Shingo inatakiwa kuwa na mbonyeo mdogo sana kuelekea mbele, ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Besi inayokwaruza freti za mwanzo pekee, kama yako, karibu kila mara ina shingo iliyonyooka kupita kiasi au iliyojipinda nyuma, na nyuzi nyembamba za kiwandani huchangia kwa sababu hazina nguvu ya kuivuta. Nyuzi nene zitaivuta zenyewe kiasi, na ndiyo sababu nimekutaka uzifunge kwanza.

Kupima ni rahisi. Mtu mmoja akandamize uzi wa E kwenye freti ya kwanza, wewe ukandamize kwenye freti ya mwisho, kisha utazame nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kati ya milimita 0.25 na 0.35. Huhitaji kifaa cha mafundi wa magitaa: zile bapa nyembamba za chuma ambazo mafundi pikipiki hutumia kupimia nafasi za valvu zimeandikwa vipimo hivyohivyo, na fundi wa kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwako atakuazima kwa dakika tano. Zifute mafuta kwanza. Nafasi ikiwa ndogo, legeza fimbo kwa kuizungusha kinyume cha saa. Ikiwa kubwa, punguza mvutano wa nyuzi kidogo kisha kaza kuelekea saa. Usivuke robo mzunguko kwa mara moja, tyuni tena kabla ya kupima, na utumie alenki iliyokuja na gitaa au inayokaa kwa kubana kabisa, maana tundu likishavunjwa kona, kulirekebisha kunagharimu karibu bei ya shingo nzima. Ukikuta fimbo haitaki kuzunguka, acha, mpelekee fundi.

Baada ya shingo, kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 12, bila kukandamiza, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 2.5 kwa uzi wa E ukishuka taratibu hadi milimita 2 kwa uzi wa G ni mwanzo mzuri. Magazeti ya wapiga solo husifia nyuzi zilizo chini sana, lakini kwenye besi fupi ushauri huo haufai. Mpe uzi wa E nafasi yake, na utashangaa jinsi unavyoweza kuupiga kwa nguvu bila kukwaruza.

Sasa ndipo tunafika kwenye sauti inayopanda juu. Gusa uzi wa E kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 ili utoe hamoniki, ile sauti nyembamba kama ya kengele, uitazame kwenye tyuna, kisha ukandamize uzi uleule kwenye freti ileile kwa nguvu unayotumia siku zote kanisani. Noti iliyokandamizwa ikiwa juu kuliko hamoniki, sogeza kikalio cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu ili usiharibu uzi wa skrubu yenyewe. Tyuna ya simu mara nyingi hushindwa kuusoma uzi wa E ulio wazi, ambao hutikisika mara 41 tu kwa sekunde, lakini huisoma hamoniki ya freti ya 12 bila shida.

Kwenye besi fupi kikalio cha E huhitaji kwenda nyuma kuliko vyote, na wakati mwingine springi yake hubana kabisa kabla noti haijakaa. Usidhani kwamba daraja ni bovu. Toa springi hiyo, ikate nusu kwa koleo, irudishe, nawe utapata milimita kadhaa za ziada.

Kidaraja cha kichwani kinakuja mwisho. Kandamiza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama juu ya freti ya kwanza: nafasi ipitishayo karatasi moja inatosha, na mkato ulio hivyo usiguswe. Kwa kuwa umefunga uzi mnene zaidi, huenda ukaona unakwama na kulia unapotyuni. Hapo mkato unahitaji kupanuliwa pembeni tu, kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kipande cha uzi wa zamani. Mkato ukishuka mno hakuna kurudi nyuma, ila kuchonga kidaraja kingine cha mfupa wa ng'ombe.

Ngurumo ya amplifaya ni jambo la nne, na mzizi wake ni tofauti. Shika nyuzi kwa mkono. Ngurumo ikipungua, waya unaounganisha daraja na ethi ni mzima, na unachosikia ni pikapu ya koili moja ikidaka mawimbi ya taa na nyaya za jengo. Fundi redio yeyote makini anaweza kufunika tundu la ndani la gitaa kwa utepe wa shaba na kuuunganisha na ethi kwa risasi. Utepe wa shaba ni bora kuliko karatasi ya alumini ya jikoni, kwa sababu alumini haishiki risasi ya kawaida. Ngurumo ikiongezeka unaposhika nyuzi, au ukihisi mtetemo wa umeme vidoleni au mdomo ukigusa maikrofoni, zima kila kitu papo hapo. Hilo huenda ni kosa la ethi ya soketi, jenereta au amplifaya, na linaweza kuua mtu. Muite fundi umeme aliyesajiliwa, hata kama ibada imeshaanza, na mwimbaji asisogee kwenye maikrofoni mpaka fundi aseme ni salama.

Yakikamilika haya yote, piga ibada kadhaa ndipo ufikirie pikapu. Ishushe au uipandishe kwanza kwa bisibisi: ukikandamiza uzi kwenye freti ya mwisho, milimita 3 chini ya uzi wa E na 2 chini ya G ni kiasi cha kuanzia. Kisha mwambie fundi redio akubadilishie kapasita ya toni, ya mikrofaradi 0.047 ndiyo ya kawaida kwenye besi nyingi, na ndogo kuliko hiyo huacha sauti ikiwa na uwazi zaidi hata ukifunga toni yote. Ni kifaa cha bei ndogo sana na hakitoboi gitaa popote. Kama bado unataka pikapu nyingine, pima urefu, upana na umbali kati ya skrubu kabla hujatuma pesa, maana pikapu za besi fupi hazifuati umbo moja.

SWALI

Nami nina besi fupi, na hutoka nayo Nansio, Ukerewe, kuja Mwanza kwa kivuko. Je, nilegeze nyuzi kabla ya safari? Na kwa nini mvua zikianza uzi hupanda mbali na ubao au kuukaribia bila mimi kugusa kitu?

Msomaji, Nansio

JIBU

Usiziondolee mvutano wote. Shingo yako imezoea kupingana na nyuzi, na ukiondoa mvutano wote kila safari, utakuwa unaipinda huku na huko bila sababu; ukitaka, shusha nusu noti, inatosha. Kinachoharibu zaidi ni jua. Usiiache juu ya sitaha wala ndani ya gari lililofungwa likisubiri kivuko, kwa sababu joto hulegeza gundi. Ukipanda bodaboda, begi liwe na godoro nene na kichwa cha gitaa kielekee juu, kisizidi upana wa pikipiki.

Kuhusu mvua, mbao hunywa unyevu na kuutoa. Pima mbonyeo wa shingo vuli ikianza, na tena masika yanapoisha. Mara nyingi utahitaji sehemu ya nane ya mzunguko tu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ubao husinyaa, na ncha za freti hujitokeza pembeni na kukukwaruza mkono. Zipitishe tupa ndogo kwa wepesi, baada ya kuziba ubao kwa selotepu ya karatasi.