Roketi ziache, anzia jikoni

Ndugu yangu, umesema hadithi yako ya familia inayoishi Mirihi imejaa mitambo lakini watu wenyewe hawana uhai. Mimi ningefuta sura ya kurusha roketi, nianzie jikoni.

Siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika 39 hivi. Hizo dakika za ziada ni za nani? Bosi atazidai, watoto watataka kuzilalia. Tayari una ugomvi wa asubuhi.

Halafu mawasiliano. Ujumbe wa kutoka huko hadi Duniani husafiri dakika 3 hadi 22, kutegemea umbali wa sayari hizi mbili, kwa hiyo "haloo, unanisikia?" haipo. Mama akitaka kumjulia hali bibi, atarekodi salamu zote kwa mkupuo, ajibu na maswali ambayo hajaulizwa bado, kisha aoshe vyombo akisubiri. Mwonyeshe hapo kwenye karai, na maji yaliyochujwa kutoka kwenye jasho na mkojo wa nyumba nzima. (Usikunje uso; wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hunywa maji ya namna hiyo.) Na kwa kuwa mvutano wa Mirihi ni hafifu kuliko wa Dunia, ndoo ya kilo 20 ataiinua kama ya kilo 7 na nusu ya huku kwetu.

Machweo ya huko yana rangi ya buluu. Yape sentensi moja tu. Aliyezaliwa Mirihi hatayashangaa.