Nguzo za uzio wa bustani zinalegea: nipake oili chafu mara ngapi?

SWALI: Mwaka jana niliweka uzio mfupi wa mbao kupamba bustani yangu. Upande mmoja ni maua, upande wa pili nimepanda mboga. Mvua zilipokwisha, nguzo mbili zikaanza kucheza nikizishika, na rangi nyeupe imebanduka sehemu za chini. Fundi anashauri tuzing'oe, tuzipake oili chafu ya gari, tuzirudishe kwa zege nyingi zaidi, kisha tupake rangi upya. Je, oili ipakwe mara ngapi ili idumu?

JIBU: Usiipake hata mara moja. Maswali ya nguzo zilizooza hunifikia kila baada ya mvua, na karibu kila mara kuna mtu ameshamwagia oili.

Oili ya injini ilitengenezwa kulainisha vyuma. Si dawa ya kuvu, na ukiipaka kwa brashi haizami ndani ya ubao; hubaki juu juu hadi mvua iishushe udongoni. Iliyokwisha kutumika imebeba chembe za metali zilizolika ndani ya injini, pamoja na kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Hiyo ndiyo unayoshauriwa kuiweka hatua moja kutoka kwenye mboga unazokula! Tena rangi haishiki penye mafuta, kwa hiyo hata hiyo mpya itabanduka mapema kuliko ya kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni imani iliyo nyuma ya ushauri huu, kwamba ubao ukizibwa vya kutosha hautaoza. Ubao hauozi kwa kulowa na kukauka. Huoza unyevu unapokaa ndani yake, hasa ukizidi asilimia 20 hivi, kwa sababu hapo kuvu hupata maji na hewa kwa pamoja. Ndiyo maana ukiing'oa nguzo utakuta imeliwa zaidi pale inapokutana na uso wa ardhi, ilhali ncha ya chini kabisa mara nyingi bado ni ngumu. Rangi nzito juu ya ubao ambao haujakauka hufungia maji ndani, nayo maji hayo huisukuma rangi mpaka ikabanduka. Watu hulaumu rangi, wananunua ya bei zaidi, wanaipaka palepale penye unyevu.

Zege nayo ni hivyo hivyo. Ukiimwaga chini ya nguzo na pande zote, umeichongea nguzo bakuli. Ubao ukikauka husinyaa, pakabaki mwanya mwembamba kati yake na zege. Maji yanashuka humo na hayana njia ya kutoka. Kuongeza zege ni kulikuza bakuli.

Sasa chukua bisibisi uichokonoe kila nguzo usawa wa ardhi. Ikizama kwa urahisi, nguzo hiyo imekwisha, ibadilishe. Ikigoma, nguzo ni nzima na kasoro iko kwenye shimo. Theluthi moja ya urefu wa nguzo iwe ardhini: nguzo ya mita 1.5 inataka sentimita 50. Tandaza kokoto sentimita 10 hadi 15 chini ya shimo, nguzo ikae juu ya kokoto, na zege izunguke pembeni tu. Uso wa zege uwe juu kidogo ya udongo na uinamie nje. Mbao za kati zisiguse udongo. Acha sentimita 5. Rangi isubiri mpaka ubao ukauke kabisa.

Nguzo mpya nunua iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo. Ukilazimika kuikata, upande uliokatwa uwe juu, kwa maana dawa mara nyingi haifiki katikati ya gogo. Nimeona nguzo nzuri zikiharibiwa kwa kosa hilo: fundi anakata, anazika jeraha ardhini, kisha mwaka unaofuata anaitwa kuzibadilisha na analipwa tena.

Wanaookota nguzo za zamani ili kupunguza gharama wawe macho pia. Nyingi zilitiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu kali. Huko Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao nyingi za makazi mwishoni mwa 2003. Vipande vyake usivichome, wala majivu yake usiyamwage bustanini, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye majivu. Usivitumie kuzungushia matuta ya mboga.

Na yeyote anayekuja na dawa ya mchwa au ya kuzuia kuoza, mwombe chombo chenye lebo ya kiwanda usome jina la dawa, kiasi cha kuchanganya na kama inaruhusiwa karibu na mimea ya kuliwa. Akikuletea kimiminika kwenye chupa ya maji isiyo na maandishi, kazi isimame hapo.