Mama wa Mother India ni nani?

Kuna waliosema mama katika filamu ya Kihindi Mother India ni Madhubala. Ni mwigizaji Nargis jamani, si Madhubala. Yule mama anayevuta jembe shambani kama ng'ombe katika Mother India (1957) ni Nargis mwenyewe. Madhubala mnamkumbuka kwa Mughal-e-Azam ya 1960, ile aliyocheza kama Anarkali, mcheza dansi wa ikulu, akaimba mbele ya mfalme katika ukumbi wa vioo. Marehemu bibi yangu pale Old Town, Mombasa, alikuwa akitukosoa tukizichanganya hizi mbili, na alizitazama zote mbili kwenye ukumbi wa sinema, si kwa kanda za video.

Cha kuchekesha, Sunil Dutt aliyecheza Birju, mwanawe mtukutu, ni rika la Nargis: wote wawili wamezaliwa 1929. Moto ulizuka wakati wa kupiga picha, Sunil akajitosa kumtoa, na 1958 wakaoana. Mama na mwana wa filamu, ati!

Ila kama mtu aliiona Mughal-e-Azam ikiwa na rangi mwanzo hadi mwisho, hiyo ni ile iliyotiwa rangi 2004. Ya asili ni nyeusi na nyeupe, rangi ikiwa sehemu chache tu, wimbo wa vioo ukiwemo.