Jengo linatumika lakini hela ya zuio haitoki: mradi unafungwaje?

Mkuu, umeuliza: madarasa manne na ofisi vimekamilika, shule ilishahamia, mkandarasi anadai hela yake ya zuio (ile inayokatwa kwenye kila malipo yake na kushikiliwa hadi kazi ikamilike na kasoro zirekebishwe), mteja anasema mradi haujafungwa, na wewe msimamizi uko katikati. Hapo kinachokosekana ni tarehe ya makabidhiano ya awali. Siku hiyo ndiyo fidia ya ucheleweshaji inapokoma, ulinzi wa jengo unapohamia kwa mteja, kipindi cha matazamio (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro) kinapoanza na nusu ya zuio inapotakiwa kuachiwa.

Soma mkataba kabla ya kubishana. Kama ni FIDIC (mkataba wa ujenzi wa mfano wa kimataifa) ya 1999, kitabu chekundu, kifungu 10.2 kinasema mteja akitumia sehemu ya kazi kabla ya hati ya makabidhiano kutolewa, sehemu hiyo inahesabika imepokelewa tangu siku alipoanza kuitumia, isipokuwa matumizi hayo ni ya muda tu na yametajwa kwenye mkataba au mliyakubaliana. Kama ni mkataba wa aina nyingine, tafuta kifungu chake. Kisha itisha ukaguzi wa pamoja: mteja, mkandarasi, msanifu, mkadiriaji majenzi na fundi umeme.

Nendeni na ndoo, sarafu, ngazi, chaki na kifaa cha kupimia soketi. Mwaga ndoo ya lita 20 kwenye sakafu ya choo. Maji yakituama mbali na tundu, mteremko umekosewa, na dawa yake ni kung'oa marumaru. Usikubali kupakwa saruji juu. Gonga marumaru kwa sarafu: inayolia kama debe tupu haina mota chini, itapasuka. Jaza simtanki, funga koki zote, weka alama ya kina cha maji, rudini kesho yake mtazame. Ufa ukiwatia shaka, chora mstari wa penseli kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe. Ukivuka mstari baada ya mwezi, mwite mhandisi, hiyo si plasta tena.

Orodha ya kasoro ndiyo inayoharibiwa zaidi. “Ukuta una nyufa” haina maana, kwa sababu mkandarasi ataziba ufa mmoja na kudai amemaliza. Andika: “Darasa la 3, ukuta wa mashariki, ufa wa wima chini ya dirisha la pili, sm 60, plasta ikatwe na kupigwa upya.” Weka namba, picha, mhusika na siku ya mwisho, wote wasaini kila ukurasa. Tenganisha kasoro zinazozuia matumizi (umeme, paa, maji taka) na ndogondogo kama rangi na vitasa. Za kwanza zinazuia hati, za pili haziizuii. Mteja anayegoma kutoa hati kwa ajili ya kitasa anajitafutia mgogoro.

Sasa hela. Tuseme mkataba ni milioni 400, zuio asilimia 10 ya kila hati ya malipo, ukomo asilimia 5 ya mkataba. Ukomo ni milioni 20, unaofikiwa kazi ya milioni 200 ikishaidhinishwa. Zikiendelea kukatwa baada ya hapo, mkandarasi anaibiwa. Milioni 10 zinatoka kwenye makabidhiano ya awali, 10 baada ya matazamio. Lakini maliza kwanza maombi ya kuongezewa muda. Kama fidia ni asilimia 0.1 kwa siku, siku 30 ni milioni 12, na nusu ya zuio imeshamezwa. Kwenye hesabu ya mwisho, ondoa kiasi cha tahadhari kilichowekwa kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei), weka gharama halisi yenye risiti. Kazi za nyongeza zilizoagizwa kwa mdomo ndizo zinazoua hesabu hii: bila maagizo ya maandishi, andaa vipimo vya pamoja leo, kabla ukuta haujapakwa rangi ya pili.

Makaratasi: michoro ya jengo kama lilivyojengwa hasa, njia za nyaya na mabomba zikiwemo, dhamana za pampu na vifaa, matokeo ya vipimo vya zege, na funguo zenye vibandiko. Michoro ya umeme idai mapema. Fundi umeme ambaye hajalipwa na mkandarasi huondoka nayo, na hapo mtatoboa kuta kutafuta waya.

Matazamio huwa miezi 6 au 12. Mimi nachagua 12, kwa sababu paa linatakiwa lipite masika na vuli zote mbili. Kagueni tena wiki tatu kabla hayajaisha, siyo baada, ili kasoro mpya ziandikwe mkandarasi akiwa bado anabanwa na mkataba. Na angalia dhamana ya utendaji ya benki (ahadi ya benki kumlipa mteja mkandarasi akishindwa kutimiza mkataba) inaisha lini. Ikiisha katikati ya matazamio, andika barua ya kuongeza muda mwezi mmoja kabla. Benki haiongezi kwa simu.