Wayahudi wahafidhina wa Marekani: anzeni na ada ya shule, si Yerusalemu

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, Wayahudi wahafidhina wa Marekani wanasimamia nini katika siasa za nje na za ndani. La pili, kwa nini Wayahudi walio wengi wanawapigia kura Democrats wakati Republicans ndio wanaojinadi kuwa marafiki wa Israel. Waliochangia kabla yangu karibu wote wamejibu kwa neno moja: Israel. Mimi nimeishi Baltimore miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nalea wazee majumbani kule Pikesville, kitongoji cha Baltimore ambako Wayahudi wa Orthodoksi ni wengi sana. Jibu hilo la neno moja linaacha nje zaidi ya nusu ya habari.

Tuanze na idadi, maana humu watu wanaongea kana kwamba Wayahudi wote wa Marekani ni kundi moja lenye amri moja. Utafiti mkubwa wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikadiria Wayahudi kuwa kama milioni 7.5, yaani asilimia 2.4 ya Wamarekani wote. Asilimia 71 ya watu wazima wao walikuwa Democrats au walielemea huko, na 26 upande wa Republicans. Orthodoksi, wale washika Sabato na sheria za chakula, walikuwa asilimia 9 tu ya Wayahudi watu wazima, lakini kati yao asilimia 75 walikuwa upande wa Republicans. Mwaka 2013 walikuwa 57. Mabadiliko ya ukubwa huo katika miaka saba yana sababu zake, na nyingi nimezisikia zikizungumzwa jikoni. (Angalizo dogo: lipo dhehebu la Kiyahudi liitwalo Conservative. Hilo ni jina la dhehebu tu, waumini wake wengi ni Democrats.)

Mzee niliyemlea kwa muda mrefu zaidi alikuwa mhasibu mstaafu, mtoto wa fundi cherehani aliyehamia kutoka Poland. Katika nyumba aliyokulia, Rais Roosevelt wa Democrats alikuwa anaheshimiwa karibu kama nabii. Mzee mwenyewe alimpigia kura Carter wa Democrats mwaka 1976, kisha mwaka 1980 akahamia kwa Reagan wa Republicans, na hakurudi tena. Hakuwa peke yake: Reagan mwaka ule alipata karibu asilimia 39 ya kura za Wayahudi, kiwango ambacho hakuna mgombea urais wa Republicans aliyekifikia tangu hapo kwa hesabu za kawaida za kuwahoji watu wakitoka kupiga kura.

Kilichomhamisha yeye na rika lake kilianza na Urusi. Kundi la wasomi wa New York, wengi wao Wayahudi waliokuwa wa mrengo wa kushoto ujanani, lilikuwa limegeuka. Irving Kristol alikuwa mfuasi wa Trotsky, yule mkomunisti wa Urusi, alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha City College miaka ya 1930. Norman Podhoretz aliliongoza jarida la Commentary tangu 1960 na kulihamisha kutoka kushoto kwenda kulia. Waliona Marekani imechoka baada ya Vietnam na inaanza kuipisha Moscow njia. Moscow hiyohiyo ilikuwa inawanyima Wayahudi wake ruhusa ya kuhama. Ndiyo maana sheria ya Jackson-Vanik, iliyotiwa saini Januari 1975, iliwagusa sana: ilizifungamanisha nafuu za biashara kwa Urusi na haki ya raia wake kuondoka nchini. Mzee alikuwa akiisimulia kwa fahari, ingawa Seneta Henry Jackson mwenyewe hakuwa Myahudi wala Republican.

Hapa sisi Watanzania tumo ndani ya hadithi. Novemba 1975 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio namba 3379 lililosema Uzayuni, yaani harakati za kuwa na taifa la Wayahudi, ni aina ya ubaguzi wa rangi. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, Uganda ya Amin pia, Kenya haikuegemea upande wowote. Kwetu ilikuwa mwendelezo wa kuwaunga mkono Wapalestina kama tulivyowaunga mkono wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kwa mzee ilikuwa siku aliyoacha kuuamini Umoja wa Mataifa. Azimio lilifutwa Desemba 1991, lakini imani ile haikurudi. Ukimsikia mhafidhina wa Kiyahudi leo anaubeza Umoja wa Mataifa, jua mzizi upo hapo.

Sasa mtoto wa yule mzee. Yeye alikuwa mshika dini kuliko baba yake, anaishi karibu na mtaa wa Park Heights, ana watoto wengi, na siasa zake zilianzia kwenye ada ya shule. Familia ya Orthodoksi kwa kawaida haipeleki mtoto shule ya serikali. Mtoto anasoma Torati asubuhi na hesabu mchana, shule ni ya binafsi, na katika shule za Kiyahudi si ajabu kukuta ada inapita dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Zidisha kwa watoto watano au sita. Wakati huohuo anakatwa kodi ya nyumba inayoendesha shule za umma ambazo hatazitumia kamwe. Bwana huyu alikuwa na mshahara mzuri, lakini gari lake lilikuwa kuukuu kuliko langu.

Kwa hiyo mwanasiasa anayesema kodi imfuate mtoto mpaka shule ya dini amepata kura yake. Maryland ilianzisha mwaka 2016, chini ya gavana wa Republican Larry Hogan, mpango wa BOOST wa kuzisaidia familia za kipato cha chini kulipia shule binafsi. Gavana Wes Moore wa Democrats alipoingia mwaka 2023 alipendekeza kuupunguza na kuumaliza polepole. Pikesville nzima ilikuwa haizungumzi kingine. Wazazi niliowajua waliandika barua kwa wawakilishi wao, na wengine walikuwa Democrats walioandikishwa. Kitaifa ni hivyohivyo: taasisi za Orthodoksi kama Agudath Israel na Orthodox Union zimeshughulikia jambo hili kwa miongo, na hukumu za Mahakama ya Juu za mwaka 2002 kuhusu vocha za Cleveland na 2022 kuhusu Maine, zilizoruhusu fedha za umma kulipia shule za dini, walizipokea kwa furaha kubwa.

Mtaona ugomvi wa ndani uko hapo. Wayahudi wa mrengo mwingine, walio wengi, wanaamini kwamba ukuta kati ya dini na serikali ndio uliowalinda Marekani kuliko nchi yoyote waliyowahi kuishi. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku sala iliyotungwa na serikali katika shule za New York, baadhi ya wazazi waliofungua kesi walikuwa Wayahudi, na jumuiya zao kubwa ziliwaunga mkono. Binti wa mzee, dada wa yule bwana, alikuwa wa msimamo huo. Aliogopa kwamba ukifungua mlango kwa yeshiva (shule za Torati), Wakristo walio wengi ndio watakaopita wa kwanza na kuujaza ukumbi. Kaka yake alijibu kuwa hofu hiyo ni ya kizazi kilichopita. Mimi katika hili nasimama na kaka. Mzazi anayetaka mtoto ajue dini yake asilazimike kuwa tajiri kwanza, na kwetu Tanga madrasa zimekufa kwa sababu kama hizo.

Kuhusu utoaji mimba, wengi humu mmewaweka kapu moja na walokole wa Marekani. Si sahihi. Sheria ya Kiyahudi inasema wazi, katika Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria hizo), kwamba mama akiwa katika hatari wakati wa uzazi, uhai wake unatangulia mpaka mtoto awe ametoka sehemu kubwa. Yaani yapo mazingira ambayo kutoa mimba si ruhusa tu, ni wajibu, na familia humwendea rabi wao kuuliza. Juni 2022 Mahakama ya Juu ilipoifuta hukumu ya Roe iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba, Orthodox Union ilitoa taarifa kuwa haiwezi kuomboleza wala kusherehekea. Agudath Israel yenyewe iliipokea vizuri, lakini nayo hutaka sheria iache nafasi pale dini inapomwamuru mama. Sisi Waislamu tuna mjadala wetu wa siku 120, lini mimba hupuliziwa roho, kwa hiyo sikuona ugumu kuwaelewa. Kwenye ndoa za jinsia moja taasisi hizo za Orthodoksi hazina mgawanyiko, zinapinga, na hofu yao kubwa ni kulazimishwa na sheria kuzikubali.

Usitarajie pia wawe watu wa soko huria kwa maana ya kusema serikali isisaidie maskini. Kiryas Joel, mji wa Wahasidi (kundi la Orthodoksi wenye msimamo mkali wa dini) kaskazini mwa jiji la New York, una familia kubwa na kipato kidogo, na misaada ya chakula, matibabu na nyumba hutumika sana. Wanaweza kumpigia kura Trump kwa rais na Democrat kwa diwani, ilimradi diwani aelewe habari ya mabasi ya kuwapeleka watoto wao shule za dini.

Jambo jingine ambalo magazeti hayakulipa uzito ni Rubashkin. Sholom Rubashkin aliendesha kiwanda kikubwa cha nyama ya kosha, yaani iliyo halali kwa Wayahudi, huko Postville, Iowa. Mwaka 2008 maofisa wa uhamiaji walikivamia, naye baadaye akahukumiwa miaka 27 kwa udanganyifu wa kibenki. Hata wanasheria wengi wasio Wayahudi walisema adhabu ile ilizidi kiasi. Desemba 2017 Trump alimpunguzia kifungo akatoka, na mitaani Pikesville watu walicheza ngoma. Wiki mbili kabla yake alikuwa ametangaza kuitambua Yerusalemu kuwa mji mkuu wa Israel. Niliona kwa macho yangu ni habari ipi iliyowatoa watu nje ya nyumba.

Siasa za nje basi. Hapa wanafanana zaidi. Waliyapinga makubaliano ya nyuklia na Iran ya 2015, wakafurahi Marekani ilipojitoa Mei 2018. Wanataka ubalozi wa Marekani ubaki Yerusalemu, ulikohamia Mei 2018, waliunga mkono Marekani kuitambua milima ya Golan kuwa ya Israel Machi 2019, na mikataba ya Abraham ya Septemba 2020 na Emirati na Bahrain wanaiona kuwa ushahidi kwamba amani na Waarabu haihitaji kusubiri taifa la Palestina. Wengi hawaamini tena suluhisho la mataifa mawili. Hapa ndipo mimi na yule bwana tulipoachana kabisa. Nilimwambia kuwa watu mamilioni katika Ukingo wa Magharibi na Gaza hawawezi kurukwa kana kwamba hawapo, na kuwa mimi kama Mwislamu na kama Mtanzania siwezi kulikubali hilo. Alinisikiliza, akaniambia ndugu zake wako Yerusalemu na mabasi yao yalilipuliwa miaka ya 2000. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na bado naamini nilikuwa na haki.

Lakini hata humo kuna nyufa. Kuna wahafidhina wa Kiyahudi wanaotaka msaada wa kijeshi wa Marekani kwa Israel ukome, ule wa dola bilioni 38 kwa miaka kumi uliosainiwa na serikali ya Obama mwaka 2016, kwa hoja kwamba unaifunga Israel mikono. Na kuna Wahasidi wa Satmar, wahafidhina kwa mavazi na maisha kuliko wote, ambao mwalimu wao Joel Teitelbaum alifundisha kuwa kuunda taifa la Kiyahudi kabla ya Masihi ni dhambi. Waliosema humu kwamba kila mwenye kofia nyeusi ni Mzayuni wakutane na hao kwanza.

Nigusie wakimbizi, maana inawahusu ndugu zetu. HIAS ni shirika la Kiyahudi lililoanza kwa kuwapokea Wayahudi waliokimbia Urusi ya wafalme. Leo linahudumia wakimbizi wa kila dini, limefanya kazi Nairobi, na limesaidia Wakongo wanaozungumza Kiswahili kufika Marekani. Wahafidhina wengi wa Kiyahudi hawalipendi, wanasema linapokea watu bila kupima usalama. Aliyeua watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh Oktoba 2018 alitaja chuki yake kwa shirika hilohilo. Nimewaona wahafidhina wanaokiri kuwa babu zao waliingia kwa mlango huohuo wanaotaka ubanwe sasa, na hoja yao sikuikubali hata siku moja.

Swali lako la pili basi linajibika. Wengi wanabaki Democrats kwa sababu kwao Israel ni jambo moja kati ya mengi, na kwenye mengi hayo, mimba, bunduki, ukuta wa dini na serikali, wako na chama hicho. Ila umri unahesabika. Pew ilikuta Orthodoksi ni asilimia 3 ya Wayahudi wenye miaka 65 na zaidi, na asilimia 17 ya walio chini ya miaka 30. Wastani wao ni watoto 3.3, wengine 1.4. Bwana yule mtoto wake mkubwa ameshaanza kupiga kura, na jambo la kwanza alilomuuliza mgombea wa bunge la jimbo aliyegonga mlango wao lilikuwa habari ya BOOST.