Jibu: Daijosai na Niinamesai ni ibada moja?

Habari ndugu. Umeuliza kama Daijosai na Niinamesai, ibada za mavuno za Mfalme wa Japani, ni ibada moja. Umekwama kwa sababu maelezo ya picha yako ya ibada hiyo yanataja Novemba 14, ilhali huwa Novemba 23. Nami nilikwama hapo hapo. Angalia mwaka kwanza. Kila Novemba 23 Mfalme huwatolea miungu mchele mpya, kisha naye hula: hiyo ni Niinamesai. Ya kwanza baada ya kutawazwa ndiyo Daijosai, mara moja tu katika utawala wake. Mfalme Naruhito aliifanya Novemba 14 hadi 15, 2019, katika majengo ya muda yaliyobomolewa baadaye. Mchele ulitoka Tochigi na Kyoto, mikoa iliyochaguliwa kwa ramli ya gamba la kasa lililopashwa moto, kisha nyufa zake zikasomwa. Hilo hunigusa mno! Picha yako ni ya 2019, basi ni Daijosai.