Kitabu Kimoja kwa Mwezi, Ndani ya Taksi ya Kireka

Msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia. Baada ya salamu na dua, akaja na swali: "Dada, wewe una kazi, una watoto, na unaishi Kampala kwenye jamu ya magari. Hivyo vitabu unavyotusimulia kila mwisho wa mwezi unavisoma saa ngapi?" Nimelipenda swali, ingawa nimesikia shaka ndani yake. Ameuliza kama jirani anayetaka kujua umepata wapi pesa za kujengea.

Basi nijibu. Ninavisoma ndani ya taksi, ile basi ndogo ambayo Kenya mnaiita matatu na Tanzania daladala.

Naishi Kireka, kazi yangu iko Kikuubo, kwenye duka la jumla ambako ninaandika hesabu za mizigo na wadaiwa. Asubuhi taksi ikiondoka Kireka haifiki mbali, Banda imesimama. Kyambogo imesimama tena. Nakawa, pale Spear Motors, mtu anaweza kumaliza sura nzima huku konda na abiria wakigombania chenji. Wenzangu wengi hukata tamaa wakapanda boda, na kweli boda inafika mapema, lakini juu ya boda hakuna anayesoma. Juu ya boda unaomba Mungu tu.

Sasa sikilizeni habari ya kiti, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Taksi ina nafasi ya abiria 14. Usikae kwenye kile kiti cha kukunja karibu na mlango, kwa sababu kila anayeshuka atakuinua, na ukurasa utaupoteza. Usikae mbele na dereva, maana redio iko magotini pako na mtangazaji anapiga kelele tangu alfajiri. Kaa nyuma ya dereva, upande wa dirisha, mkoba mapajani, kitabu juu ya mkoba. Ukikosa kiti hicho, subiri taksi inayofuata. Watu wa stegi ya Kireka wameshanizoea, wananiita "Maama Kitabu", na konda mmoja hunitunzia nafasi.

Kwa nini mwezi, si wiki? Kwa sababu maisha yangu yote yanakwenda kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni ya mwezi, mchango wa SACCO ni wa mwezi, mshahara ni wa mwezi ukiwahi. Hata Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, naijaza mara tu mshahara unapoingia, ili nisije nikakaa gizani tarehe 20. Pesa ya kitabu naitoa siku hiyohiyo, kabla watoto hawajasikia harufu yake. Nikingoja wiki ipite, haipo.

Mazoea haya yalianzia kwenye jambo ambalo kila aliyekuwa Uganda analikumbuka. Jumatano ya tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima. Facebook ilikuwa imeshafungwa jana yake. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, ila kwa madarasa ya mtihani, kwa hiyo watoto wangu walikuwa nyumbani. Kafyu ya korona ilikuwa bado ipo, jioni ukiingia ndani umeingia. Nilikaa kitandani na simu ambayo kazi yake ilikuwa kuniambia saa. Nakumbuka nilikuwa naifungua na kuifunga, naifungua na kuifunga, banange, kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mama. Mama ni mfanyabiashara wa Busia, mzee wa kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, na mdogo wangu alisomea upande wa Kenya. Ndani ya sanduku nikakuta *Siku Njema* ya Ken Walibora, ile riwaya ya mwaka 1996 ambayo wanafunzi wengi wa Kenya waliisoma shuleni. Jalada lilikuwa limeng'oka. Mwandishi mwenyewe alikuwa amefariki Nairobi Aprili ya mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimeisikia habari ya kifo chake redioni bila kujua kwamba kitabu chake nakilalia juu. Nikaanza kumfuata mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, na safari zake. Intaneti iliporudi Jumatatu tarehe 18, nilikuwa sijamaliza, na kwa mara ya kwanza nikaiacha simu ikilia kwenye chaja mpaka nikafika mwisho.

Hapa naomba niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Baadaye mwaka uleule nilialikwa kwenye kikundi cha kina mama wanaosoma. Wanakutana Ntinda, Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwenye mgahawa wenye bustani, kila mmoja anasimulia alichosoma. Nilishona gauni. Wenzangu walisoma vitabu vya Wamarekani kuhusu utajiri na uongozi, nami nikaja na riwaya ya Kiswahili. Mmoja akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hiyo lugha ya askari?" Mwenyekiti, kwa upole kabisa, akaniambia kitabu changu hakitaingia kwenye orodha ya mwezi kwa kuwa wengine hawawezi kukijadili. Upole ule ndio uliouma zaidi. Nilikunywa soda yangu, nikalipa, na baada ya muda nikatoka kwenye kikundi bila kuaga.

Nisiwe mnafiki, najua cheko lile limetoka wapi. Rais Idi Amin alitoa amri ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazazi wengi wa Kampala Kiswahili kilikuwa ni sauti ya mtu mwenye bunduki mlangoni usiku. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo simlaumu. Lakini mwanamke wa rika langu, aliyezaliwa wakati vita vimekwisha, anayenunua viatu vya Nairobi na kuangalia tamthilia za Dar es Salaam? Huyo namlaumu. Mimi nimezaliwa Busia, kwetu nyanya zinauzwa kwa lugha hiyo, na mama amenilea kwa lugha hiyo.

Kisha ikaja Julai 2022. Baraza la mawaziri likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Haikupita muda, yule aliyecheka akanipigia simu: "Maama, mtoto wangu anahitaji kitabu cha Kiswahili, unanunua wapi?" Nikamwambia, "Busia." Akanyamaza. Nilifurahi, na bado nafurahi ninapoandika hapa. Mungu anisamehe.

Ila jibu langu halikuwa mbali na kweli. Ukitaka riwaya ya Kiswahili hapa Kampala, utahangaika. Madukani utapata vya shule, vya sarufi na mazoezi. Kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, wale wanaotandaza kando ya barabara mjini, inabidi uchutame na kuchimba chini ya vitabu vya hesabu, na siku ya bahati unaibuka na kitu. Mimi natumia njia ya mama: ndugu ananunua Nairobi, anakipeleka ofisi ya basi kama kifurushi, asubuhi nakichukua mjini kabla ya kwenda dukani. Kwa bei ya kitabu pamoja na usafiri, chakula changu cha mchana kinageuka kuwa mhogo na chai kwa siku kadhaa. Nimeshazoea, na mwili umenishukuru.

Hivyo ndivyo nilivyopata *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na tafsiri ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya yeye kupewa Tuzo ya Nobel. Kitabu hiki kilinishinda mwezi. Ni habari ya mtoto, Yusuf, anayechukuliwa na tajiri kwa sababu baba yake ana deni. Mimi ninayeandika majina ya wadaiwa kutwa nzima, nilifika mahali nikashindwa kuendelea. Asubuhi ile nilifungua daftari la duka, nikaona jina la mteja wetu wa Iganga, baba wa watoto wadogo, na kiasi anachodaiwa. Nikakifunga kitabu kwa siku kadhaa. Sikukikimbiza ili tarehe 30 nipate cha kuwaringia. Kama mwezi hautoshi, mwezi haukutosha, unaanza mwingine na kitabu kilekile. Kile kikundi cha Ntinda wangekuandika umeanguka.

Sasa mnaosema hali ngumu, hamna pesa, hamna muda, niwaulize. Julai 2018 serikali ilituwekea kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku. Tulilalamika, halafu tukalipa. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi wa siku 30, na hujanunua hata bando. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data, nayo tunalipa. Pesa ya TikTok inapatikana hata kwa kukopa kwenye simu. Ukitajiwa kitabu ndipo unakumbuka ada ya shule! Kaka yangu, dada yangu, hakuna aliyekuloga. Weka pesa pembeni siku ya mshahara. Panda taksi, kaa nyuma ya dereva, fungua kitabu. Kesho fanya hivyo tena. Sina siri nyingine, na anayekuuzia siri za kusoma haraka kwa shilingi 50,000 mwambie aje Nakawa saa moja asubuhi, nimwoneshe haraka iko wapi.

Na usisome usiku kitandani kwa sababu umeona wazungu wakifanya hivyo kwenye filamu. Ukitoka kazini, ukapika, ukaosha vyombo, ukasaidia hesabu za darasa la tano, kitandani utasoma mstari uleule mpaka kitabu kikuangukie puani. Usiku lala. Taksi ipo.

Dada wa Jinja, najua kwenu jamu si kama yetu. Lakini foleni ya benki mnayo, na saluni mnayo. Kuhusu ombi lako la mwisho, la kukuazima *Siku Njema*: hapana. Nilimwazima rafiki *Peponi* kabla ya Krismasi, kila nikimpigia yuko "sura za mwisho". Nitakupa namba ya ofisi ya basi na jina la duka la Nairobi, utume pesa kwa simu, kitakufikia ndani ya wiki. Andika jina lako ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya wino.